Sehemu ya 6: Nani anavuta sigara hapo nyumbani?

Tangu niandike kuhusu nimonia, swali ninalopata sana ni hili: "Sista, baba watoto huvuta nje tu. Bado inadhuru mtoto?"

Ndiyo, bado. Nje ni afadhali kuliko ndani, sitakudanganya. Lakini moshi unabaki kwenye sweta, ndevu na mikono, halafu anaingia na kumbeba mtoto. Awe na koti la kuvutia, alivue nje, anawe uso na mikono kwanza.

Sasa kitu kinachonikera. Fomu yetu ya kulaza mtoto huuliza chanjo, uzito, kunyonya. Nani anavuta nyumbani? Hakuna. Mimi huuliza kwa mdomo na kuandika pembeni. Usiku mmoja, vitanda tisa, wanne walisema ndiyo. Huo si utafiti, ni mimi na kalamu yangu.

Na kuhesabu si jambo dogo. Takeshi Hirayama, wa taasisi ya taifa ya saratani kule Tokyo, alifuatilia wake zaidi ya 91,000 wasiovuta kwa miaka 14. Mwaka 1981 akaonyesha kwamba walioolewa na wavutaji walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu. Wake ambao hawajawahi kushika sigara!

Hapa Kenya pesa ya kazi hiyo ilishapangwa. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 iliunda hazina ya utafiti, kueneza habari na kusaidia watu kuacha. Kanuni za 2014 zikasema watengenezaji na waagizaji wachangie asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao kila mwaka. BAT Kenya wakaenda kortini, wakapanda mpaka Mahakama ya Juu, na Novemba 2019 wakashindwa.

Kwa hivyo ukisikia bajeti ya afya inajadiliwa, uliza hiyo hazina inafanya nini. Uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulihesabu watu wazima milioni 2.5 wanaotumia tumbaku. Watu wazima. Mtoto wako wa miezi minane hayumo. Na mimi nataka kujua ni usaidizi gani unamfaa baba wa bodaboda anayevuta ndio asisinzie usiku.

Ukileta mtoto mwenye kifua, tuambie kuna mvutaji hata kama hatujauliza. Hatutamgombeza mtu.

Juzi baba mmoja, mtoto wake yuko kwa oksijeni, aliniuliza: "Sista, niende wapi nisaidiwe kuacha?" Nikampa dakika tano zangu. Karatasi ya kumpa sikuwa nayo, kliniki ya kumtuma pia sikuwa nayo. Akanishukuru, akatoka. Kupitia dirisha nikamwona amesimama kwa kibanda cha getini, kile kinachouza sigara moja moja, kitu ambacho sheria hiyo hiyo ilikataza.

Sehemu ya 7 ni Ijumaa, tutaongea kuhusu jiko la makaa.