Pumziko Si la Wafu Tu

Kwetu Bunia neno "kupumzika" lina bahati mbaya. Ukisikia jirani akisema, "Baba fulani amepumzika," huulizi amelala saa ngapi. Wauliza maziko ni lini. Juu ya misalaba ya makaburi twaandika kwamba marehemu apumzike kwa amani, lakini aliye hai akikaa kivulini nusu saa mchana, watu humwita mvivu. Hivyo pumziko tumewaachia wafu, na walio hai tumewapa kazi, hofu na kukesha. Leo nataka kuwaeleza habari za mahali ambapo watu wazima, wenye akili zao timamu, hulipa fedha nyingi ili wapumzike tu.

Mdogo wangu aliondoka Bunia zamani kutafuta kazi. Akazunguka huku na huku, mwisho akafika Unguja, akawa mpishi katika hoteli ndogo kijijini Jambiani, upande wa mashariki wa kisiwa, mbele ya Bahari ya Hindi. Mwaka 2023, wakati wa masika, wageni walipokuwa wachache, mwenye hoteli alimruhusu anikaribishe siku sita katika chumba kilichokuwa kitupu. Tulikuwa hatujaonana miaka saba. Basi nikavuka Ziwa Albert kutoka Kasenyi, nikapita Kampala, nikapanda basi hadi Dar es Salaam, na kutoka huko nikaingia melini.

Wengi wetu tukisikia neno hoteli twafikiri bia na muziki hadi usiku wa manane. Hoteli ile haikuwa hivyo. Ilikuwa na vyumba tisa tu, vyenye paa la makuti, na wageni wake walikuja kutafuta afya. Alfajiri walitandika mikeka ufukoni wakafanya mazoezi ya viungo na ya kupumua, yale ya Kihindi yaitwayo yoga. Baadaye walikunywa chai ya mchaichai na tangawizi. Mchana mama mmoja wa kijijini, mwenye mikono yenye nguvu kama ya mtwanga mihogo, aliwakanda migongo kwa mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu. Chakula kilikuwa samaki wa kuchoma, mboga za majani, matunda na maji ya dafu. Saa tatu usiku taa zilipunguzwa, na hakuna aliyepaza sauti.

Nilitazama mambo hayo yote kwa makini, nikajiuliza: Ni kitu gani hasa wanachokinunua hapa? Chai ya mchaichai bibi yangu aliipika bila kulipwa. Kumkanda mgongo aliyechoka, mama zetu wajua, tena humkanda mzazi siku nyingi baada ya kujifungua. Samaki twawapata Kasenyi na Tchomia. Basi fedha zote zile ni za nini?

Jibu nililipata kwa usiku, si kwa mchana. Usiku wa kwanza nazi ilianguka karibu na ukuta wa chumba changu. Mara nikajikuta sakafuni chini ya kitanda, kabla sijajua kwamba nimeamka. Mwili wa mtu wa Ituri haungoji amri. Nilikuwa kijana mdogo mwezi wa Mei mwaka 2003, vita vilipoingia mitaani mwa Bunia na watu kwa maelfu wakakimbilia karibu na uwanja wa ndege. Tangu siku zile masikio yangu hayakujifunza tena kulala. Asubuhi nilimsimulia mdogo wangu habari ya ile nazi. Hakucheka. Akasema, "Kaka, mimi hapa mwaka mzima wa kwanza nililala na viatu miguuni."

Usiku wa pili niliamka mara tatu. Usiku wa tatu nililala jioni, na nilipofumbua macho jua lilikuwa limekwisha kutoka. Nikakaa kitandani nikishangaa, maana kichwa changu kilikuwa chepesi kama cha mtoto. Hapo nikafahamu kitu kinachouzwa mahali pale: ni usingizi usio na hofu. Mama mmoja mgeni, muuguzi kutoka Ulaya, alinieleza jambo lilo hilo kwa njia yake. Wakati wa ugonjwa wa korona, tangu mwaka 2020, aliwahudumia wagonjwa wengi hata yeye mwenyewe akapoteza usingizi, na daktari wake akamwambia kwamba hana dawa ya kumpa ila apumzike mbali na kazi.

Lakini msidhani kwamba usingizi huo ni mali ya matajiri tu. Bahari ya Jambiani ikipwa, maji huenda mbali sana, na wanawake huingia katika mashamba yao ya mwani. Ukulima huo ulianza kwenye pwani ile mwishoni mwa miaka ya 1980. Hufunga vipande vya mwani katika kamba zilizowambwa kati ya vijiti, na baada ya majuma machache huvuna, huanika, huuza. Kazi ni ngumu: mgongo umeinama, miguu i majini, jua li juu ya kichwa, na bei ni ndogo. Siku moja nilimsalimu mzee mmoja aliyekuwa akianika mwani wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

"Kongo, mama. Bunia."

"Mbali huko! Umekuja kupumzika?"

"Ndiyo, mama. Nawe hupumzika lini?"

Akacheka sana. "Mimi? Maji yakipwa niko mwanini, yakijaa niko jikoni. Lakini usiku nalala, mwanangu. Mlango naurudishia tu, sifungi hata komeo."

Maneno hayo yalinichoma moyo. Mama yule alikuwa maskini kama mama zetu wa Djugu na Irumu, tena huenda kazi yake ilizidi yao kwa ugumu. Lakini alikuwa na kitu kimoja ambacho wao wamenyang'anywa. Kwetu tangu mwisho wa mwaka 2017 mauaji yalianza tena, na vijiji vingi vikakimbiwa. Mwezi wa Februari mwaka 2022, katika kambi ya wakimbizi ya Plaine Savo, wilayani Djugu, watu zaidi ya 60 waliuawa usiku, mahali walipokuwa wamekimbilia ili wapate kulala. Baada ya jambo kama hilo, mama wa kambini atalalaje? Na asiyelala atalimaje, atawaleaje watoto, atasameheje?

Mtu aweza kusema: "Wenzetu wana bahati, Mungu aliwapa kisiwa cha raha, sisi tumepewa nchi ya vita." Sivyo, ndugu zangu. Kisiwa kile hakikuwa mahali pa raha siku zote. Katika mji wa Unguja watu waliuzwa sokoni kama mbuzi, mpaka soko lile likafungwa mwaka 1873 wakati wa Sultani Barghash. Wengi walitolewa bara, na misafara ya Tippu Tip ilifika hata katika misitu ya Kongo. Yeye mwenyewe alifariki mjini Unguja mwaka 1905. Mbele ya mji kuna kisiwa kidogo cha Changuu. Mwaka 1893 Mwingereza Lloyd Mathews, aliyekuwa waziri mkuu wa sultani, alikipata ili ajenge gereza. Gereza likajengwa, lakini wafungwa hawakuwekwa. Badala yake pakawa mahali pa kuwatenga abiria wa meli walioshukiwa kuwa na magonjwa ya kuambukiza, kama tulivyotengwa baadhi yetu wakati wa Ebola, kati ya mwaka 2018 na 2020. Leo watu huenda Changuu kuogelea na kuwatazama kobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli. Mchanga ni ule ule, na bahari ni ile ile. Mambo ya watu ndiyo yaliyogeuka.

Na Ituri yetu? Vijana wengi hawajui kwamba wageni walikuja kupumzika huku. Huko Epulu, katika wilaya ya Mambasa, Mmarekani Patrick Putnam alijenga kambi kando ya mto katika miaka ya 1930. Palikuwa na nyumba za wageni waliolipa, na palikuwa na zahanati iliyowatibu watu wa msituni na wa vijijini. Naam, wageni walistarehe na wagonjwa walitibiwa katika ua mmoja! Putnam alifariki mwaka 1953. Baadaye, mwaka 1992, msitu ule ukawa hifadhi ya okapi, na mwaka 1996 ukaandikwa katika urithi wa dunia. Hali kadhalika Mlima Hoyo, kusini ya Bunia, wenye mapango na maporomoko ya maji, ulikuwa na nyumba ya wageni iliyojulikana mbali. Mto Epulu haukukauka, wala mapango hayakuhama. Lakini mwezi wa Juni mwaka 2012 watu wenye silaha waliivamia Epulu, wakaua watu, wakaua na okapi waliofugwa pale. Bunduki ndizo zilizofukuza pumziko.

Basi tufanye nini sisi tusio na majeshi wala fedha? Yako mambo mengi makubwa yapasayo wakuu wa nchi, nao wayatimize. Lakini yapo mengine madogo yaliyo mikononi mwetu. Kwanza, tusiuze hofu. Ujumbe wa uongo ukifika katika simu saa nne usiku, kwamba adui yuko njiani, ukautuma bila kuuliza, umewaamsha watu mia. Pili, tujue kwamba aliyekimbia kwao ni mgonjwa wa usingizi. Ukimpokea nyumbani, usimwulize usiku ule ule mambo aliyoyaona. Mpe maji ya moto, mpe kona yenye giza na utulivu, umwambie ni nani anayelinda mlango. Tatu, kabila lolote analotoka jirani yako, Mhema au Mlendu au Mbira au Mwalur, usiku wake ni sawa na usiku wako. Yeye akilala kwa hofu kwa sababu yako, nawe utakesha kwa sababu yake.

Tena tuanze nyumbani. Yuko mama katika nyumba yako aamkaye saa kumi alfajiri kwenda kuteka maji, na kulala ni wa mwisho. Jumapili ijayo, baada ya chakula, mtandikieni mkeka kivulini, na vijana, wa kiume nao, waoshe vyombo. Jirani akipita akauliza, "Mama yuko wapi?" mjibuni bila haya, "Amepumzika." Lakini mwongezeni upesi kwamba yu mzima, asije akaanza kulia.