Seva ya Nyumbani Ichaguliwe kwa Umeme

Nakumbuka jinsi sisi tuliokuwa tukipenda kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulivyopima ubora wa seva: ukubwa wa kasha, ngurumo za feni na wingi wa vichakato. Seva ilikuwa mali ya ofisi, na aliyetamani kuwa nayo nyumbani aliwazia ile iliyochakaa na kuondolewa kazini. Leo, kwa nyumba ya Kitete hapa Tabora, ninaamini mpangilio huo umepinduka. Anayetaka kuendesha mashine pepe kadhaa ndani ya kompyuta moja aanze kwa kuuliza itakula umeme kiasi gani, kisha ina RAM kiasi gani, kisha diski yake ni ya namna gani. Kasi ya kichakato ije mwisho.

Kilichopindua mpangilio huo ni mashine zenyewe. Wazo la kuigawa kompyuta moja ifanye kazi kama kompyuta nyingi ni la zamani. IBM ilitoa VM/370 mwaka 1972, lakini kwa mitambo mikubwa ambayo ni taasisi tajiri tu zilizoimudu. Nchini kwetu Tanzania, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na miaka mingi ikapita kabla hazijawa kitu cha kawaida. VMware ilileta mashine pepe kwenye kompyuta za mezani mwaka 1999, ila kwa kupoteza kasi, kwa sababu vichakato vya wakati ule havikuundwa kwa kazi hiyo. Intel ilipoongeza uwezo huo ndani ya kichakato mwaka 2005, AMD ikafuata mwaka 2006, na KVM, programu ya kuendesha mashine pepe, ikaingizwa ndani ya Linux mwaka 2007, sababu kuu ya kuhitaji mtambo mkubwa ikaondoka. Baadaye zikaja kompyuta ndogo za ofisini, kama ThinkCentre Tiny ya Lenovo na OptiPlex Micro ya Dell, ambazo leo zinauzwa kwa bei ya mtumba.

Hesabu ya umeme ndiyo inayonishawishi zaidi. Seva ya zamani inayokula wati 150 mchana na usiku humaliza uniti (kWh) 108 kwa mwezi. Kompyuta ndogo inayokula wastani wa wati 15 humaliza uniti 11 hivi. Shirika la umeme, TANESCO, lina daraja la bei nafuu kwa nyumba zisizozidi uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo ile seva kubwa peke yake inaitoa familia kwenye daraja hilo kabla taa moja haijawashwa. Umeme ukikatika, tofauti inazidi kuonekana. Betri ya volti 12 na Ah 100, ikitumiwa nusu tu ili idumu, inatoa wati-saa 600: saa nne kwa seva kubwa, saa 40 kwa ndogo, kabla ya kutoa kinachopotea kwenye inveta. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita Tabora kati ya Bagamoyo na Ujiji walibeba takriban kilo 30 kila mmoja, mzigo uliopimwa kwa safari nzima. Seva isiyozimwa nayo ipimwe kwa mwaka mzima.

Wapo watakaosema hoja hii imepitwa na wakati, kwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, kuzalisha ni jambo moja na kufikisha umeme nyumbani ni jingine, na uniti ya umeme hulipiwa hata pasipo mgao. Wengine watasema kompyuta ndogo haina RAM yenye kurekebisha makosa, wala nafasi ya diski nyingi. Hoja hiyo ina uzito, na hospitali au benki isiipuuze. Nyumbani, nakala ya data kwenye diski ya pili iliyohifadhiwa kando hulinda zaidi kuliko diski mbili ndani ya kasha moja, ambazo hitilafu moja ya umeme inaweza kuziunguza zote.

Kwa nini basi RAM itangulie kichakato? Kwa sababu mashine pepe za nyumbani, kama ya kuhifadhi picha, ya kuchuja matangazo au ya kujifunzia Linux, hukaa kimya muda mwingi, lakini kila moja hushikilia RAM yake muda wote. Kichakato cha N100 cha mwaka 2023 hula umeme kidogo sana, ila Intel inakitajia kikomo cha GB 16. Kompyuta ya mtumba yenye i5-8500T hupokea GB 32 bila shida, na kwa mwanafunzi wa mitandao ningependekeza hiyo, hata kama itaongeza uniti chache.

Pingamizi zito kuliko yote ni la wanaosema tukodishe seva ughaibuni. Kukodi kunafaa kwa biashara inayohudumia wateja wa mbali. Lakini kodi hiyo hulipwa kila mwezi, mara nyingi kwa dola, na mtandao ukikatika picha za familia hazifikiki. Tena anayekodi hajifunzi kufungua kasha wala kubadilisha diski. Tabora inahitaji vijana wenye ujuzi huo, na sasa wanaweza kuupata kwa kifaa kisichoitikisa bajeti ya nyumba.