UVIRA: Namna nilivyochagua kablaji mpya ya gari la baba

Wasikilizaji wetu wengi wananifahamu kwa sauti, lakini ninyi mnaokaa kando ya barabara kati ya Uvira na Baraka mnanifahamu zaidi kwa gari. Ni Land Cruiser HZJ75, ya mazutu, yenye viti viwili virefu vya kutazamana nyuma, ambayo baba aliinunua ikiwa imekwisha kutumiwa na wengine. Kwa miezi mingi jumbe zilikuwa zinanifikia: "Muandishi, gari liko wapi? Mbona siku hizi unakuja kwa pikipiki?" Leo najibu, maana jambo hili linawahusu pia wale waliokuwa ndani siku ile.

Ilikuwa mwezi wa tisa, mwaka 2022. Nilikuwa natoka Mboko kurudi Uvira. Nilimbeba mama mmoja, watoto wake wanne na mama mkwe wake. Walikuwa wameshuka kwa miguu kutoka nyanda za juu kwa sababu ya mapigano, na huko Uvira walikuwa na ndugu mmoja wa kuwapokea. Giza lilikuwa linaingia. Hatujafika Makobola, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Moshi ukatoka chini ya usukani, taa za mbele zikazimika, na injini nayo ikanyamaza. Watoto hawakulia. Yule mama aliuliza tu kwa sauti ndogo: "Hata huku?"

Nilifungua kapo nikang'oa kichwa cha batri kwa mkono, na kidole changu kikaungua. Moshi ukapungua, lakini tulikuwa gizani, mahali ambapo hakuna mtu anayependa kusimama usiku. Aliyetuokoa ni shofa wa lori la samaki. Injini hii ya 1HZ haihitaji umeme ili mazutu yaungue, ila kwenye pompi kuna kifaa kidogo ambacho kinafunguliwa na umeme. Umeme ukikatika, nacho kinafunga mazutu. Yule shofa aliziacha waya zote za gari zimeng'olewa, akavuta waya moja tu kutoka batri mpaka pale kwenye pompi. Tukasukuma, hata mama mkwe alisukuma, na injini ikawaka. Tukaingia Uvira bila taa, tukifuata mgongo wa lori lile.

Kesho yake nilimwita fundi wa umeme, mzee ambaye alimfahamu baba. Alikata skochi nyeusi iliyofunga waya, akaanza kuzitandua moja moja juu ya gunia. Wakati ule ndipo nilipoelewa kwamba gari lilikuwa linaungua polepole kwa muda wa miaka miwili.

Mnakumbuka mafuriko ya mwezi wa nne mwaka 2020, wakati mto Mulongwe ulipoingia katika mitaa. Gari letu lilisimama ndani ya maji na matope mpaka kwenye viti. Baadaye tulilikausha juani, tukabadilisha mafuta, likawaka, na sote tukafurahi. Lakini maji yalikuwa yameingia kwenye miisho ya waya na kupanda chini ya plastiki. Mzee alipochuna waya moja, ndani haikuwa na rangi ya shaba. Ilikuwa kijani, na nyingine zilibomoka kama majivu. Waya ya namna hiyo bado inapitisha umeme, ila kwa taabu, na taabu ile ndiyo inageuka kuwa joto.

Mzee akaendelea, akafika kwenye kosa langu. Kwenye waya ya taa za mbele kulikuwa kumezungushwa waya nyingine, nyembamba, inayokwenda nyuma ya viti. Ni ile ya kuchajia simu. Mnaikumbuka: kila niliposimama kijijini au kwenye kambi, watu walileta simu zao, maana bila simu huwezi kujua kama mdogo wako alifika Sange au alibaki msituni. Ni mimi niliyemwambia kijana mmoja aifunge pale. Fizibo ilipoanza kukatika mara kwa mara, karakana moja, ambayo siitaji, iliitoa ikaweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nililipa, nikashukuru, nikaondoka.

Mzee alinipigia hesabu kwa kijiti mchangani. Taa mbili za mbele, kila moja wati 60, kwenye umeme wa volti 12: ni ampea 10. Simu ishirini, kila chaja ikila wati 10, ni wati 200, yaani karibu ampea 17. Jumla 27, kwenye waya iliyotengenezwa kwa ajili ya taa tu, tena nusu yake imeliwa na kutu. Na fizibo, ambayo kazi yake ni kufa ili waya isife, hakuna. "Mtoto wangu," akasema, "ulikuwa umebeba watu juu ya jiko."

Kuunga palipoungua hakukuwezekana. Ilibidi kubadilisha kablaji yote, yaani lile fungu zima la waya toka batri mpaka taa za nyuma. Nilidhani ni jambo la kwenda kununua tu.

Nina mpwa wangu huko Marekani. Alikwenda na wazazi wake kutoka kambi ya wakimbizi, na leo anafanya kazi katika karakana inayofufua magari ya zamani yenye injini kubwa, yale ya miaka ya 1960 na 1970 ambayo Wamarekani wanayapenda kama sisi tunavyopenda ng'ombe. Nilimtumia picha za waya zangu. Yeye akanitumia picha ya Chevrolet Chevelle ya mwaka 1970, imefunguliwa yote, na kando yake boksi lenye kablaji mpya kabisa. Nakiri niliona wivu. Kule kuna viwanda ambavyo vinatengeneza kablaji mpya kwa gari ambalo lilikwisha kutengenezwa zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Unataja aina na mwaka, unalipa mamia ya dola, zinakuja. Nyingine zinafanana na zile za kiwanda kwa rangi na kwa vichwa, kwa ajili ya mtu anayetaka gari liwe kama lilivyozaliwa. Nyingine zimeboreshwa: zina fizibo nyingi zaidi, na kila waya imeandikwa juu yake kazi yake, tena na tena, toka mwanzo mpaka mwisho. Huna haja ya kuuliza hii inakwenda wapi.

Lakini aliniambia jambo moja lililonifariji. Hata kule magari yanaungua kwa ujinga unaofanana na wetu. Katika Dodge na Plymouth za miaka ile, umeme wote wa kuchaji batri unapita katika kichwa kimoja kinachovuka ukuta kati ya injini na shofa, unakwenda mpaka kwenye saa ya ampea iliyo mbele ya shofa, kisha unarudi. Watu wakaongeza redio kubwa, feni, taa zaidi, na kile kichwa kikayeyuka. "Mjomba," akasema, "usinunue kablaji kwa kuangalia gari lilivyokuwa. Angalia kazi unayolipa sasa."

Akataka kunitumia moja ya zile za kufaa gari lolote. Hapo ndipo mzee alipokataa, na wakabishana kwa simu karibu nusu saa, mimi nikiwa katikati kama mtafsiri ingawa wote wawili walikuwa wanasema Kiswahili. Hoja ya mzee ilikuwa hii. Katika zile kablaji, swichi inapeleka umeme kwenye taa. Katika Land Cruiser yetu ni kinyume: umeme unafika kwenye taa wakati wote, na swichi iko upande wa kurudi, upande wa masi. Ukifunga ya Kimarekani itabidi ugeuze mambo mengi. Tena rangi si zile. Kwa Toyota waya ya masi ni nyeupe yenye mstari mweusi, na kila shofa kuanzia hapa mpaka Fizi analijua hilo. Katika zile nyingine masi ni nyeusi. "Huyu kijana anasema kweli kwa gari lake," mzee akasema. "Ila gari hili likizima Lweba usiku, nani atasoma hiyo Kiingereza iliyoandikwa kwenye waya?" Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akacheka.

Njia ya pili ilikuwa okazioni. Nilivuka kwenda Bujumbura, nikapata kablaji iliyokatwa kutoka HZJ75 iliyokufa. Muuzaji aliapa kwamba ni ileile. Kweli ilikuwa ileile, ila gari lile lilikuwa na usukani upande wa kulia. Wengi hawafikirii hilo. Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara na usukani wetu uko kushoto, kwa hiyo boksi ya fizibo, swichi na saa za tablo ziko upande wetu. Kablaji ya usukani wa kulia ukiitandika ndani ya gari letu, waya ndefu zinakuwa mahali pa fupi, na fupi zinavutika kama kamba ya mbuzi. Zile zinazoletwa kwa boti kutoka Kigoma zina shida hiyohiyo, maana Tanzania wanaendesha upande wa kushoto.

Ya tatu ilikuwa kusuka upya kwa mkono. Dukani hapa Uvira waya zipo, na bei yake inavutia. Mzee alinifundisha kuzipima. Kwanza bei ikiwa ndogo kuliko akili, shuku. Kisha shika bunda zima: likiwa jepesi mno, shuku tena. Halafu kwangua waya kwa kisu. Kama juu ni nyekundu na ndani ni nyeupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba halisi, na ukiikunja mara chache inakatika. Nilikwangua katika maduka manne. Katika la nne, mwenye duka alinyang'anya kisu changu, tukacheka, akatoa bunda jingine chini ya meza.

Mwishowe tulichanganya. Nilirudi Bujumbura nikainunua ile okazioni, baada ya kubishania bei, si kwa ajili ya kuifunga bali kuichinja. Tulichukua vichwa vyake vya plastiki, ambavyo huwezi kuvipata vipya hapa, na waya zake zenye rangi za Toyota, zile ambazo tukichuna tunakuta shaba bado nyekundu. Kablaji yetu iliyoungua tuliitandika juu ya ubao wa mlango wa zamani, mzee akapiga misumari kila mahali waya inapokunja au kugawanyika. Kisha akasuka mpya juu ya misumari ileile. Ilichukua siku kumi na moja, kwa sababu umeme wa kupashia chuma cha kulehemu ulikuwa unakuja na kwenda. Kwa taa za mbele na kwa njia ya kuchaji batri tuliweka waya mpya, nene kuliko za kiwanda. Shauri hilo lilitoka Marekani, na mzee hakulipinga.

Tulibishana yeye na mimi juu ya jambo moja tu: simu. Mzee alitaka nisiweke kabisa. Gari ni gari, akasema, si duka la umeme. Nilimjibu kwamba wakati ule nilipokuwa naenda kwa pikipiki, watu hawakuniuliza habari za vita kwanza. Waliniuliza: utarudi lini na gari, simu yangu imezima siku sita. Alikaa akivuta tumbako yake. Kisha akakata waya nene, akaitoa moja kwa moja kutoka batri, akaweka fizibo yake yenyewe ya ampea 15 palepale karibu na batri, na rele inayofunga njia injini ikizima. Akahesabu: simu kumi kwa mara moja, si zaidi. Akaandika 10 kwa rangi nyeupe nyuma ya kiti. Basi msikasirike nikisema kumi zimetosha. Si roho mbaya. Na tafadhali, mtu yeyote asiniletee kijana wa kuongeza njia nyingine.

Fizibo za akiba ziko ndani ya kopo la maziwa chini ya kiti cha shofa, pamoja na karatasi ambayo mzee alichora njia zote na rangi zake. Nimefanya kopi mbili. Moja iko kwa yule shofa wa lori la samaki, ambaye aliichukua kwa heshima kama cheti cha ndoa.

Juzi nilipita kwa yule mama, ambaye sasa amepanga chumba Kavimvira pamoja na watoto. Nilitaka kumwonyesha. Niliwasha taa za mbele, za nyuma, zote, mchana, mbele ya majirani. Alitazama, akazunguka gari, akainama kunusa chini ya usukani. Kisha akamtuma mtoto ndani alete simu, akaniuliza kama ile saa ya mafuta kwenye tablo nayo imetengenezwa, maana siku ile ilikuwa inaonyesha tanki limejaa. Nilimwambia ukweli: hiyo bado inadanganya.