Tairi Bovu Si Taka

Mtahiniwa, usilidharau tairi bovu. Hapa Majimoto, mkoani Katavi, wafugaji huvaa katambuga, viatu vya tairi ambavyo miiba haivipenyi kwa urahisi. Mimi huchagua tairi lisilo na nyaya za chuma, maana nyaya hukataa kisu. Huchora unyayo wa mteja, hukata soli, kisha hupigilia mikanda kwa misumari midogo. Tyubu kuukuu huwa mikanda ya suruali na bangili. Mwaka ambao mpunga wetu ulikauka, fedha za kazi hii zilinunua sare na madaftari ya wadogo zangu. Soma kwa bidii, ufaulu. Lakini mtihani huisha Novemba, matokeo hutoka mwaka unaofuata, na tumbo halingoji. Jifunze pia kazi ya mikono.