Upande Usiosifiwa

Baba aliniachia gari la kale, Peugeot 404, jamaa ya yale yaliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968. Niliendeshapo kutoka Migori, kwa njia ya Rongo, mpaka Homa Bay, rafiki zangu hunitaka nilipige picha kando ya Ziwa Viktoria, kilima cha Asego kikiwa nyuma yake. Nami hufanya hivyo kwa furaha.

Walakini picha niithaminiyo zaidi ni nyingine. Kila mwaka mimi hulala chali chini ya gari nikaipiga picha sakafu yake. Gari hili halikuundwa juu ya fremu ya peke yake. Sakafu ndiyo uti wa mgongo wake, nayo ikioza, gari limekufa hata rangi iking'aa. Kutu huanza huko, mahali tope lishikapo maji. Nilinganishapo picha za miaka miwili, doa lililokuwa kama punje ya mtama huonekana limefikia ukubwa wa senti. Hapo huikwangua kutu, nikapaka rangi ya kuizuia, kisha grisi.

Ewe msomaji, ukipenda kitu, chunguza kwanza upande wake usiosifiwa.