Miezi Isiyo na Dansi

Mpiga rithimu hajulikani na mtu. Mwimbaji anabandikwa noti kwenye paji la uso, mpiga solo anaitwa kwa jina la utani na mtaa mzima, hata mpiga tumba ana wapenzi wake wanaokuja kumwangalia yeye tu. Mimi nimepiga rithimu kwenye bendi za dansi tangu mwanzoni mwa miaka ya themanini, na nimetunga nyimbo ambazo watu huziimba wakidhani ni za mwimbaji. Sina ugomvi na hilo. Nalitaja kwa sababu mtu aliyezoea kutoangaliwa hapati shida sana siku makofi yanapokoma. Hakuwahi kuyategemea.

Na hukoma kweli. Dansi ni kazi ya majira, ingawa hakuna mwenye bendi atakayekuambia hivyo siku anapokuchukua. Masika ikishika, kumbi zisizo na paa hazipati mtu. Umeme ukiwa wa mgao, kama ule wa mwaka 2006, jenereta inakula mapato yote ya mlangoni, na mwenye ukumbi anakuomba upumzike mpaka hali itengemae. Halafu kuna Ramadhani, ambapo bendi nyingi za Dar es Salaam hunyamaza. Mwezi mzima hakuna kiingilio, hakuna kutuzwa, hakuna supu ya alfajiri baada ya kazi. Kijana aliyetoka mkoani na gitaa lake, Ramadhani ya kwanza ikimkuta mjini, anaweza kufungasha virago.

Asipofungasha ataona kwamba huo ndio mwezi wa kutengeneza nyimbo. Bendi inaingia kambini, kwa kuwa Idd Mosi watu watakuja na nguo mpya na watataka kitu kipya masikioni. Mtunzi anakuja na maneno kwenye karatasi ya daftari na sauti kichwani, anaimba mara mbili tatu, wenzake wanasikiliza huku wakijifanya hawajapendezwa. Mpiga solo anatafuta kichwa cha wimbo. Mimi natafuta mzunguko utakaoacha nafasi: solo akipanda juu nabaki katikati, besi akitembea sana napunguza mikono. Wapulizaji wanadai wapewe majibu yao kabla ya kiitikio. Tukifika kwenye chemko, pale wimbo unapobadilisha mwendo na waliokaa wanainuka, ugomvi unaanza upya, maana kila mmoja anataka chemko limtaje yeye. Niliwahi kuona wimbo wa mtu kumlilia marehemu mkewe ukipata chemko tamu kuliko nyimbo zote za msimu ule, kwa sababu tu mpiga tumba aliingia mapema na hakuna aliyetaka kumsimamisha.

Kambini hakuna aliyekuwa na hamu. Tulikuwa na njaa, koo kavu, mwimbaji akigoma kupaza sauti mpaka baada ya futari. Tulitunga kwa sababu Idd ilikuwa inakuja, hata kama siku yenyewe ilingoja mwezi uandame. Ndiyo maana vijana wakinisimulia habari za kusubiri wimbo ujishushe wenyewe, nawasikiliza kwa adabu lakini siwaamini sana.

Siku zile kulikuwa na kituo kingine cha kukimbilia, nacho ni Radio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu. Maneno ya nyimbo yalipelekwa kwanza yakapitiwa na kamati, kisha bendi nzima ikaingia studio na kurekodi kwa mkupuo mmoja, sauti na ala pamoja. Ukiteleza kidole wimbo ukielekea ukingoni, wenzako wote wanarudi nawe mwanzo. Hukwenda kule kutafuta utajiri. Ulikwenda ili Jumamosi ukumbi ujae.

Mimi nilikuwa mwajiriwa. Wasomaji wa leo huenda hawalijui hilo: bendi nyingi zilimilikiwa na jumuiya na mashirika ya umma. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, UDA Jazz ya mabasi, Bima Lee ya bima, Mlimani Park ikawa chini ya shirika la DDC. Ulipata mshahara mwisho wa mwezi kama karani, na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Shirika letu, ambalo sitalitaja, liliponadiwa katika miaka ya tisini, bendi ilihesabiwa pamoja na meza na makabati. Nilikuwapo mchana ule. Mtunza stoo alisimama mlangoni na orodha yake, nami nimeshika gitaa nililolipiga miaka yote ile.

“Kaka, hilo nalo lina namba,” akaniambia, kwa upole kabisa.

Nililigeuza. Nyuma yake kulikuwa na namba ya shirika, imeandikwa kwa rangi nyeupe, imefifia pale tumbo langu liliposugua. Likaingia stoo, kufuli likafungwa. Sikupata kujua liliuzwa kwa nani.

Wakati wenyewe ulikuwa mbaya kwa mtu wa dansi. Mwaka 1994 redio na televisheni za watu binafsi zilianza kushika kasi, na muziki ukawa unaingia kutoka kila upande. Wakongo walikuwa wanapendwa, vijana walikuwa wanaanza kufokafoka kwa Kiswahili. Machi 1995 akafariki Marijani Rajab. Mtu aliyeimba “Zuwena” miaka yake ya mwisho alikuwa akijikimu kwa kibanda cha kuuza kanda. Tulirudi mazikoni kimya, kila mmoja akipiga hesabu zake. Kama Marijani alifikia kuuza kanda, mpiga rithimu atauza nini?

Mimi niliuza mbao, za mtu mwingine. Nilipata kibarua Keko cha kuhesabu na kuandika mzigo unaoingia na kutoka. Kazi ilikuwa ya heshima na mwenye mali alinitendea vizuri. Lakini vidole vya kupigia gitaa vina sugu nchani, na sugu zile zikikaa bila nyuzi hulainika upesi. Nilianza kuziona zangu zikimenyuka nikiwa nimeshika kalamu, na hapo nilishikwa na hofu ambayo kufukuzwa kazi hakukunipa. Nilinunua gitaa kavu lililopasuka shingo, seremala wa jirani na ofisi akaligundisha na kulibana kwa siku kadhaa. Nyuzi mpya zilikuwa ghali, kwa hiyo nikafanya tulivyokuwa tukifanya enzi za uhaba: nyuzi nene zilizosokotwa huingia jasho na uchafu mpaka zinapiga sauti ya kamba, ukizichemsha na sabuni kidogo mafuta yanatoka, zinang'aa tena kwa muda. Mke wangu alifunua sufuria jikoni.

“Baba watoto, leo mboga ni hii?”

Alicheka, lakini sufuria ile hakuitumia tena kwa chakula, na nilitakiwa kununua nyingine kabla ya nyuzi.

Nilipiga asubuhi kabla ya kwenda Keko, polepole ili nisiamshe watoto. Sikutunga kitu. Nilichofanya ni kujifunza nyimbo za bendi zilizokuwa bado zinapiga mjini, rithimu yake, pale inapobadilika, chemko linaingia baada ya kiitikio cha ngapi. Nilizichukua redioni na nje ya kumbi, nimesimama upande wa uzio ambao hautozwi kiingilio. Jioni nyingine nilikwenda kwenye mazoezi yao nikakaa nyuma. Sikuwa naomba ajira, maana anayeomba ajira hukwepwa. Nilisaidia kubeba spika, nikatumwa sigara, nikarudi nyumbani. Siku mpiga rithimu wao alipopata msiba Kilosa, kiongozi wa bendi alitazama kule nyuma akauliza nani anaujua ule wimbo wa tatu. Nilikuwa naujua, na uliofuata pia.

Ndivyo nilivyoingia kwenye deiwaka, na deiwaka ilinilea kwa miaka. Leo bendi hii, kesho ile, Jumapili harusi Temeke, katikati ya wiki kopi za Franco kwenye baa isiyo na jukwaa. Wengine waliona aibu. Mwanamuziki aliyewahi kuwa na mkataba anaona deiwaka inamshusha, anakaa nyumbani kulinda jina lake, na jina lenyewe linasahaulika huku analilinda. Nasema hivi bila kumcheka yeyote, kwa kuwa wawili kati ya hao walikuwa wapigaji wazuri kunishinda, na leo hawapigi.

Ukame ule wa kazi nauelewa. Ulitoka nje, ukaniondolea kazi, nami nikatafuta nyingine. Uliofuata ndio uliokaribia kunimaliza, nao ulinikuta nikiwa na ajira nzuri.

Miaka ya elfu mbili mwanzoni nilikuwa kwenye bendi ya hoteli. Mavazi ya kufanana, chakula cha bure, mshahara kwa wakati. Tulipiga kopi usiku baada ya usiku kwa wageni waliokuwa wakila, na mtu anayekula hageuki. Katika muda wote ule sikutunga hata ubeti. Nilikuwa na nafasi, gitaa zuri na kipaza sauti kipya, kichwani kweupe. Nilijaribu kukaa na daftari alasiri nzima. Nilijaribu kwenda Bagamoyo kukaa ufukweni kama watunzi wanavyofanya kwenye filamu, nikarudi nimeungua jua.

Aliyenitoa ni mtu aliyetaka wimbo wa kitchen party ya binti yake kwa bei ndogo na kwa haraka. Aliniambia mambo ya kuingiza: jina la bibi harusi, jina la shangazi aliyemlea, neno moja la kumkumbusha adabu, na usizidi muda wa keki kukatwa. Niliutunga kwa usiku mmoja. Haukuwa wimbo mkubwa, ila shangazi alilia, nami nikagundua kwamba kumbe nilichokuwa nimekikosa ni mpaka tu. Hotelini hakuna aliyenitaka nitunge chochote. Kila kitu kiliwezekana, basi hakikuja hata kimoja. Nikaanza kutafuta kazi za kuagizwa: wimbo wa kampeni ya chandarua, wimbo wa chama cha akiba cha akina mama, wimbo wa mgombea udiwani ambaye sikumpigia kura. Wapo wanamuziki wanaozidharau kazi hizo. Waendelee. Mimi nyimbo zangu tatu ninazozipenda zaidi zimetoka kwenye mabaki ya oda hizo: mwendo uliokataliwa na watu wa chandarua kwa kuwa ulikuwa wa huzuni mno ndio nikaupa maneno ya baba anayesubiri barua, na bado watu wananiomba niupige.

Siku hizi vijana wa studio za Sinza hunipigia simu. Kijana ananipokea na shikamoo, ananikalisha kwenye kiti cha plastiki, ananiwekea mapigo ya kompyuta masikioni. Napiga rithimu kama ya miaka ya themanini, dakika kadhaa. Yeye anachagua kipande kifupi sana, anakizungusha, basi. Mara ya kwanza nilimuuliza kama vingine amevitupa. “Hapana mzee, nimevihifadhi, vitafaa wimbo mwingine.” Nilimwambia kila wimbo una malipo yake, akasema atawasiliana na bosi. Tangu itungwe Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 tunajua pa kudai, ila sheria haisemi mzunguko wa rithimu ni wa nani kati ya aliyeupiga na aliyeuzungusha. Huo tunaugombania pale pale kwenye kiti cha plastiki.

Kwa sasa sina wimbo mpya. Nina chemko lisilo na mwanzo, linanikaa vidoleni tangu masika, na nimeshalijaribu na maneno ya mapenzi, ya msiba na ya daladala, yote limeyakataa. Jumamosi nina harusi Mbagala. Bwana harusi ameomba nyimbo za zamani tupu, nami nitalipachika chemko langu mwishoni mwa mmojawapo nione kama kuna atakayeinuka. Mpiga besi ameshasema hapandi bodaboda kwa hela yake, na spika ya kukodi bado haijalipiwa.