Kigikuyu katika Chombo cha Angani: Shabiki wa Nyeri na Mfululizo wa Star Wars

Uhakiki wa filamu katika Afrika Mashariki umezoea kumwona mtazamaji wa filamu za kigeni kama mtungi mtupu unaomiminiwa utamaduni wa wengine. Dhana hii haina budi kutiliwa shaka pindi anapochunguzwa mtazamaji mmoja halisi. Mfano ufaao ni wa shabiki mmoja wa mjini Nyeri, fundi wa redio na televisheni mwenye umri wa miaka hamsini na ushei, ambaye tangu ujana wake amekuwa akifuatilia mfululizo wa Star Wars.

Filamu iliyomnasa ni Return of the Jedi, iliyotolewa Marekani mwezi Mei 1983. Yeye aliiona miaka michache baadaye katika kibanda cha video huko Karatina, kwa kanda iliyonakiliwa mara nyingi hata rangi zikachujuka. Katika vita vya mwisho, Lando Calrissian anakiendesha chombo cha Millennium Falcon akiwa na rubani msaidizi, kiumbe mwenye masikio makubwa na mashavu yaliyoning'inia, aitwaye Nien Nunb. Kiumbe huyo akafungua kinywa, akasema Kigikuyu. Hazikuwa sauti zilizofanana na Kigikuyu, hasha, bali Kigikuyu chenyewe: mwito wa kuwataka wote walio kule waje hapa, kama aitwavyo mtu aliye ng'ambo ya bonde jua linapokuchwa. Kibanda kizima kiliangua kicheko, na mwenye video akalazimika kuirudisha kanda nyuma mara tatu.

Yafaa ikumbukwe kwamba aliyebuni sauti za filamu hizi, Ben Burtt, alikuwa na desturi ya kutafuta lugha hai ambazo masikio ya Wamarekani hayakuzizoea. Kizulu kilichangia usemi wa Majawa katika filamu ya kwanza ya 1977, na Kiquechua cha Amerika ya Kusini usemi wa Greedo. Lugha hizo hazikuteuliwa kwa ajili ya maana bali kwa ajili ya ugeni wake. Maneno ya Nien Nunb hayakuwekewa tafsiri chini ya picha; Mmarekani huyakisia kutokana na majibu ya Lando, ambayo ni ya Kiingereza. Kwa mtu wa Nyeri mambo yamepinduka. Yeye huwaona marubani wawili wasiosikizana hata kidogo, mmoja akiita umati usioonekana, mwenziwe akijibu habari za mitambo ya adui. Hiki ni kinaya ambacho mtunzi hakukikusudia, na kiliifanya filamu ya kishujaa kuwa kichekesho kwa hadhira ya Mlima Kenya peke yake.

Kicheko hicho, hata hivyo, hakikuwa chepesi. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilikuwa imeubomoa ukumbi wa Kamirithu, ambako Ngũgĩ wa Thiong'o na wanakijiji wa Limuru walifanya tamthilia kwa Kigikuyu, na Ngũgĩ mwenyewe akaanza maisha ya uhamishoni. Mwaka uliofuata, lugha iliyofukuzwa jukwaani ikasikika katika filamu iliyozunguka ulimwengu mzima, ingawa imetiwa katika kinywa cha mpira. Je, huko kulikuwa ni kuheshimiwa au kudhihakiwa? Fundi huyu husema kuwa siku ile swali hilo halikumjia. Alichojua ni kuwa waasi walikuwa na mtu wao. Kuhusu waasi hakuhitaji kufafanuliwa. George Lucas amesema kuwa Vietnam ndiyo iliyokuwa akilini mwake, lakini viumbe wa msituni wanaoangusha dola kwa magogo na mawe walisomwa vingine kabisa na vijana waliolelewa karibu na misitu ya Nyandarua, alikokamatwa Dedan Kimathi Oktoba 1956.

Mwezi Desemba 2015 ilipotoka The Force Awakens, fundi alipanda matatu hadi Nairobi kuitazama. Magazeti yalimshangilia Lupita Nyong'o, ambaye katika filamu hiyo ni Maz Kanata; uso wake umefunikwa na picha za kompyuta, akabaki sauti tu. Fundi hakupendezwa. Alinung'unika kuwa Mkenya akifika angani lazima afichwe sura. Nien Nunb naye alirejea, lakini maneno yake yalikuwa machache, yakamezwa na milipuko, na sikio lililosubiri karibu miaka thelathini halikuambulia kitu. Malalamiko haya ni ya haki, maana filamu hiyo iliwajali zaidi mashabiki wanaokumbuka sura kuliko wanaokumbuka usemi.

Ni katika safari hiyo ndipo alipopata kulijua jina la mwenye sauti: Kipsang Rotich, aliyekuwa mwanafunzi Mkenya nchini Marekani wakati filamu ya 1983 ilipotengenezwa, na aliyeitwa tena mwaka 2015. Jina ni la Kikalenjini. Jambo hili lilimfadhaisha kuliko alivyotazamia, kwa kuwa tangu machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 alikuwa akiishi na shemeji yake, aliyefukuzwa katika shamba lake huko Bonde la Ufa pamoja na maelfu ya Wagikuyu wengine, na nyumbani mwao majina ya aina hiyo hayakutajwa mezani.

Hatimaye aliamua kumwonyesha shemeji ile sehemu ya 1983, bila ya kumweleza lolote. Shemeji, ambaye alikulia miongoni mwa Wakalenjini na kuijua lugha yao, alisikiliza hadi mwisho, akaomba irudiwe. Akasema Kigikuyu amekisikia, lakini kuna mahali kiumbe yule anasema Kikalenjini. Akamtajia maneno mawili. Fundi alikuwa ameyasikia maneno hayo kwa miaka yote ile, akidhani ni ngurumo ya koo tu.